Nilivyojenga orodha ya programu huria, baada ya kuiharibu mara mbili

Naandika hii maana nimechoka kuulizwa inbox "mkuu uliwezaje", halafu kuna jamaa alinishauri vibaya mwanzoni na mpaka leo anatamba kwamba wazo lilikuwa lake.

Ilianzia steshenari. Nina kibanda cha kuprinti na kuchapa kazi za wanachuo hapa Morogoro, na haipiti siku mtu hajaleta flashi imejaa virusi kisa kadaunlodi Photoshop iliyokrakiwa. Basi badala yake naweka programu huria, zenye msimbo ulio wazi: huyu namwekea GIMP ya picha, yule LibreOffice ya kuandika, watoto wa misitu na ardhi nawapa QGIS ya ramani, nikawa naandika kwenye daftari nani nimempa nini. Daftari likahamia Google Sheets, linki nikaitupa kwenye grupu la WhatsApp, nikaruhusu kila mtu ahariri. Demokrasia bwana.

Wiki ya kwanza raha tupu. Ya pili akatokea msamaria mwema akaona majina hayajafuata alfabeti, akashika safu ya majina PEKE YAKE akaisoti. Majina yakapanda na kushuka, linki na maelezo yakabaki palepale. Asubuhi nafungua nakuta VLC ya muvi "safi kwa hesabu za duka", GnuCash ya hesabu "inacheza muvi za aina zote", Audacity ya sauti inachora ramani. Mama mmoja wa duka la vipodozi alikuwa keshasoma, akaitafuta VLC kwa jina, akaiweka, akanipigia: "Mwanangu, mbona sioni pa kuandika wanaonidai?" Nikamwambia mama subiri kidogo. Nikakesha siku tatu nafungua linki moja moja narudisha jina lake kwa mkono, macho mekundu kama mla mirungi. Siku ya nne dogo mmoja wa mwaka wa pili kaja kuprinti, nikamsimulia, akainama akafungua historia ya matoleo akabonyeza la wiki iliyopita, sekunde kumi hazikufika. Nikamwambia ahaa, hata mimi nilikuwa naelekea hukohuko.

Dogo ndo akatuhamishia kwenye git, mfumo unaotunza kila badiliko la faili, kila programu na faili lake, tovuti inakaa bure GitHub Pages, huduma ya GitHub wanakohifadhi miradi ya programu, domain (jina la tovuti) tu ndo tunalipia, elfu ishirini na kitu kwa mwaka kama sijakosea. Hiyo ni kazi ya jioni moja haina maajabu.

Hapo sasa ndo jamaa wa ushauri akaingia. "Wingi ndo unaleta watu, chota tu zile orodha kubwa za GitHub." Na mimi nikamsikiliza! Tukaamka tuna programu elfu na ushee na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzitumia. Nyingine mara ya mwisho kuguswa 2014, nyingine za seva ambazo muuza vipodozi hana kazi nazo. Watu wakaacha kabisa kuchangia, maana ukiona ghala limejaa unaleta gunia la nini? Tukafuta karibu zote.

Vita nyingine ilikuwa ya bure na huria. Watu wanaleta WPS Office ya kuandika, wanaleta WinRAR ya kufungua mafaili ya zip, ukikataa wananuna. Kuna mmoja wa WinRAR alibishana siku mbili, "mbona mimi sijawahi kulipa hata mia?" Kaka, ile ni ya majaribio siku 40, zako zimeisha tangu uko sekondari. Tukamwekea 7-Zip yaishe. Huria maana yake msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha programu, uko wazi na leseni inakuruhusu kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Kwa hiyo sisi hatuulizi bei, tunauliza faili la leseni liko wapi, ukituonyesha leseni huria kama GPL au MIT au Apache tunaendelea. Na usiangalie mara moja ukalala, Terraform, programu ya mafundi wa seva, ilibadili leseni 2023 ikaacha kuwa huria na kwetu ikabaki imeandikwa huria miezi kadhaa, aibu.

Ila kilichotuokoa ni kisehemu kimoja kwenye fomu ya kuleta programu: KERO. Huingizi programu mpaka uitumie wiki nzima na utaje kitu kimoja kinachokukera. Mwanzoni niliweka kwa hasira tu, kuna watu walikuwa wanatuletea app zao wenyewe na sifa kama za mganga. Wakifika hapo wanakwama! Mwenye kuuza hajui kero, anayeijua ni mtumiaji. Fundi wa video za harusi alituma voisi ya dakika nne kuhusu Kdenlive, ya kuhariri video, tatu na nusu ni malalamiko jinsi ilivyojifunga yenyewe hajasevu na bibi harusi yuko mlangoni anasubiri flashi, na mwisho anasema "lakini siiachi". Hiyo ikaingia siku hiyohiyo. Voisi tunapokea ndiyo, fundi utamfundisha git saa ngapi, dogo anaandika mwenyewe.

Kuna mzee akaleta Jambo OpenOffice, ile ya Kiswahili iliyotoka 2004 kwa watu wa Chuo Kikuu cha Dar. Roho iliniuma kumkatalia, lakini haijaendelezwa miaka mingi, tukamwekea LibreOffice.

Na ukianzisha yako andika ukubwa wa faili, LibreOffice ni kama MB 350, mtu wa bando la elfu moja lazima ajue kabla hajabonyeza. Linki iwe ya wenyewe wenye programu tu.

Leo ziko mia na kitu, zote zina mtu aliyezitumia na zote zina kero. Juzi yule jamaa wa "wingi" naye kaleta app yake ya kutunza michango ya harusi. Leseni ipo, msimbo upo. Kwenye kero kaandika "hakuna". Nimemrudishia.