Mguu si mguu: Kiingereza nilichojifunzia Kilimanjaro

Mara ya kwanza kupanda Kilimanjaro nilikuwa mgumu, kama tunavyoitana wapagazi, nimebeba mzigo wa kilo 20 na Kiingereza cha kidato cha nne. Mzigo ulipimwa getini. Kiingereza kilikuja kupimwa kambi ya Horombo, mita 3,720, jioni ya siku ya pili.

Mgeni mmoja Mwingereza alitoka kula, uso umempauka, akaniambia, "I feel sick." Shuleni nilikariri kwamba "sick" ni mgonjwa. Nikampa pole, nikaenda kumtafuta kiongozi nimwambie mgeni wetu anaumwa. Niliporudi mgeni alikuwa ameinama mlangoni, na viatu vyangu vya akiba, nilivyokuwa nimevianika hapo, vimeshapata habari. Kumbe alikuwa ananiambia kichefuchefu kimemshika.

"Dogo," kiongozi akaniambia huku akinishikia maji nisafishe, "Mwingereza akisema 'sick', usitafute mtu, tafuta beseni. Akiwa anaumwa tu atakwambia 'ill'. Mmarekani ndiye anasema 'sick' hata kwa mafua."

"Sawa, braza."

Kule juu tofauti hiyo si ya mtihani. Kichefuchefu pamoja na kuumwa kichwa ni dalili za kuzidiwa na kimo, na huenda mgeni akalazimika kushuka. Mafua ni mafua.

Nilirudi Moshi nikanunua daftari. Mwanzo niliandika kama tulivyofundishwa: neno la Kiingereza kushoto, la Kiswahili kulia. Baada ya safari mbili nikaona huo ndio ugonjwa wenyewe. Neno moja la Kiswahili lina tumbo kubwa, ndani yake wamekaa Waingereza watatu wanne wasiosalimiana. Nikageuza: juu ya ukurasa naandika neno la Kiswahili, chini yake naandika nani alisema nini, wapi, na mimi nilichemsha vipi.

Ukurasa ulionichekesha zaidi ni wa kusikia. Sisi tunasikia kila kitu: sauti, harufu, baridi, njaa, maumivu. Alfajiri moja kambi ya Kibo nilimuuliza mama mmoja wa makamo, "Do you hear cold?" Akavua kofia, akatega sikio upande wa kilele cha Mawenzi, akanyamaza kabisa. "Hear what?" Tukasimama pale wawili tunaisikiliza baridi. Nikaandika: "hear" ni ya masikio peke yake, harufu ni "smell", na yanayotokea ndani ya mwili, baridi, njaa, maumivu, huwa "feel". Lakini ukurasa huohuo ulinipa na raha, maana kusikia na kusikiliza ndiyo "hear" na "listen" zenyewe, na kuona na kutazama zinakaa vizuri na "see" na "look". Niliyahangaikia maneno hayo miaka minne darasani kumbe tofauti yake ninayo mdomoni tangu utotoni. Iliyobaki ni "watch", ambayo nimeizoea kwa kitu kinachoendelea huku wewe unakifuatilia: mpira, sinema, au wagumu wakipanda na mizigo kichwani.

Ukurasa wa -refu haukunichelewesha. Nilimwambia mgeni Kilimanjaro ni "very long mountain" akanijibu, kwa adabu, kwamba miguu yake imeshaligundua hilo. Safari ni "long", nywele pia. Mtu na mti ni "tall". Mlima wa mita 5,895 ni "high", na shimo refu ni "deep".

Mguu ndio ulionigharimu. Wakati huo nilikuwa nimeshapanda cheo, msaidizi wa kiongozi. Tunashuka kutoka Kibo, mgeni anachechemea. Nikatuma ujumbe ofisini kwa Kiingereza, kwa sababu nakala huenda kwa watu wa bima: "Client has bad leg, cannot walk." Simu ikaita hapohapo. Mfupa umevunjika? Goti au paja? Wameshaulizia ile machela ya tairi moja. Nikamwangalia mgeni: amekaa juu ya jiwe, amevua soksi, anatoboa lengelenge la kisigino kwa pini huku anakula biskuti.

Kwao mguu hukatwa kwenye kifundo. Kuanzia nyongani hadi hapo ni "leg", chini ya hapo ni "foot". Mkono nao hivyohivyo, "arm" hadi kiwiko na kuendelea mpaka kiungo cha kiganja, halafu "hand". Hata vidole wamevigawa, vya juu "fingers", vya chini "toes". Nilichorea daftarini mtu mzima, mbaya kama kinyago, nikampiga mistari kwenye viungo. Ofisini walinitania kwa mwezi mzima, wakiniona wananiuliza hali ya "leg".

Mengine yalipita bila madhara. Niliomba "borrow me your torch" kwa sababu Kiswahili huazima kwenda na kurudi, niazime na nimeazima, mpaka mgeni mmoja mwalimu alipokataa kunipa tochi hadi niseme "lend". Nilisema.

Daftari sasa limechakaa. Msimu uliopita, saa tano usiku Kibo, wakati wa kujiandaa kuelekea kileleni, kijana mmoja aliinuka kitandani akasema, "I feel sick." Sikujua ni Mwingereza au Mmarekani, alikuwa amejifunika hadi puani. Nikamuuliza, "Sick in the stomach?" Akatikisa kichwa kukubali, macho yamemtoka. Beseni lilikuwa chini ya kitanda chake. Huwa naliweka hapo kabla hawajalala.