Vifaa vya kusikia nusura vinishinde, nilivyokuja kuvizoea

Mke wangu aliniambia "usisahau" mi nikasikia "usidharau", nikamjia juu, sasa nimekudharau wapi, tukanuniana siku nzima. Hapo ndo nikakubali kwenda kupimwa, maana miaka kama mitatu nilikua nalalamika watu siku hizi wanamumunya maneno, kumbe sauti nene nazipata vizuri, zilizopotea ni zile nyembamba, s, f, th, na hizo ndo zinatenganisha neno na neno. Kwenye karatasi ya vipimo mstari unaenda vizuri tu, ukifika hezi 2000, yaani kwenye sauti nyembamba, unaporomoka.

Nikapewa viwili, kila sikio na chake. Jamani siku za mwanzo ni mateso, mfuko wa plastiki ukiguswa unapasua kichwa, na sauti yangu mwenyewe naisikia kama naongelea ndani ya mtungi. Siku ya nne nikavivua nikatupia kabatini.

Nilivyorudi kwa mtaalamu kulalamika hakunibishia, akasema ubongo umekaa muda mrefu bila hizo sauti, upe wiki kadhaa. Basi nikaanza masaa mawili kwa siku, nyumbani, kuongea na mtu mmoja tu, halafu nikawa nasoma gazeti kwa sauti, wiki ya tatu ndo nikakaa navyo mezani na watu wengi. Pia aliniingizia kimrija chembamba sikioni kupima sauti inayofika mle ndani, kumbe zile nyembamba zilikua zimewekwa chini, akazipandisha. Hicho kipimo kiombeni, msiridhike na kuulizwa tu "unasikia?"

Baba mkubwa alikua na kile cha zamani cha boksi mfukoni na waya, kinapandisha kila kitu, mlango ukibamizwa anaruka. Transista, kile kidude kidogo cha kukuza umeme wa sauti, iligunduliwa 1947 na kufika 1952 ilishaingia kwenye vifaa vya kusikia, vikaanza kupungua ukubwa, ila kwangu mabadiliko yenyewe hasa ni dijitali, iliyoshika kasi kuanzia 1996, maana hiki changu kinaigawa sauti vipande vipande, iliyo ndogo kinaibeba sana, iliyo kubwa kinaiongeza kidogo tu.

Siku moja cha kulia kikazima nikajua kimekufa, kumbe nta ya sikio imeziba kichujio, kubadilisha dakika moja. Na betri zile zenye stika, ukishaibandua subiri kama dakika moja hivi hewa iingie ndo ufunge.

Kwenye kelele bado napata tabu sifichi, huwa nakaa kelele iwe mgongoni na ninaeongea nae awe mbele, maikrofoni zinavuta zaidi sauti ya mbele. Na mwanangu akinikumbatia shavu kwa shavu kinapiga mluzi, simwambii aache.