Mkono usiotetemeka hautoshi

Mpwa wangu amemaliza shule na anataka kuwa fundi wa kuchomelea. Wiki iliyopita alinyoosha mkono mbele yangu: "Shangazi, tazama, hautetemeki." Kweli haukutetemeka. Nikamuuliza, fremu ya sentimita 60 kwa 80, mshazari wake ni ngapi? Akacheka, akidhani namtania.

Ni 100. Hesabu hiyo haipiti wiki sijaitumia. Kutoka kwenye kona unapima 60 upande huu na 80 upande ule. Umbali kati ya alama mbili ukiwa 100, kona imekaa mraba. Ukiwa 101, chomelea kwa ufundi unaoutaka, utakuwa umeliimarisha kosa tu.

Lango langu la kwanza, mwaka wa pili kazini, nililipima vizuri kabisa. Nikashikiza kona zote nne kwa vitone vidogo vya kuchomelea, halafu kwa papara nikaimaliza kona moja yote, nikahamia ya jirani. Chuma kikipoa kinasinyaa, na kikisinyaa kinavuta. Nilipoilaza fremu sakafuni ilikaa kwa kona tatu, ya nne ikabaki hewani, kidole kinapita chini yake. Mshono wenyewe ulikuwa wa kupendeza, umepangana kama magamba ya samaki. Fundi mkuu wala hakuuangalia. Aliikanyaga ile kona, ikashuka. Akainua mguu, ikapanda. Akaenda zake. Jioni yote nilikuwa na grinda, nakata nilichounga.

Siku hizi nikishashikiza napima mishazari yote miwili, nachomelea kidogo, naruka kona ya upande wa pili, narudi kupima. Ndiyo, inachosha.

Mkono nao una kazi yake. Elektrodi, ile fimbo ya waya yenye ganda inayoyeyuka kuunga chuma, ikiwa ya unene wa milimita 3.2 huwa na urefu wa milimita 350 hivi, na inafupika kila sekunde. Mkono unashuka huku unasogea, ili pengo kati ya ncha na chuma lisizidi sana unene wa ule waya wa ndani. Macho yasifuate mwanga, yafuate kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka nyuma yake. Masikio nayo yamo: pengo likiwa sawa, sauti ni kama kitambaa kinachochanwa taratibu bila kukoma. Ikianza kukohoa na kurusha cheche ovyo, umeinua mno.

Kuna na kusoma. Simaanishi vitabu (ingawa navyo ni vizuri), namaanisha michoro, na hata maandishi ya kwenye pakiti ya elektrodi. Mfano E7018: 70 ni nguvu ya mshono, pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, ile 1 inakuambia unaweza kuchomelea mkao wowote, hata juu ya kichwa. Namba ya mwisho inahusu ganda lake, na ganda hilo halitaki unyevu kabisa. Likinyonya maji, hidrojeni inaingia kwenye chuma, na mshono unaweza kupasuka saa nyingi baadaye, wewe umeshalala.

Kuhusu macho nitasema mara moja. Nilishikiza vitone vitatu bila ngao ya uso kwa kuwa ilikuwa mbali, hatua nne. Mchana sikusikia kitu. Usiku niliamka nikihisi macho yamejaa mchanga, machozi yanatiririka, hata mwanga wa simu siuwezi. Na ukikutana na chuma kilichopakwa zinki, ondoa zinki kwanza pale utakapochomelea, ufanye kazi penye hewa. Moshi wake unaleta homa na baridi ya kutetemesha jioni yake, hata mkono usiotetemeka.

Mpwa wangu anakuja Jumamosi. Mashine sitaiwasha. Nimemwekea tepu, chaki na vipande vinne vya chuma aniundie fremu mezani. Kimoja nimekikata kifupi kwa milimita 3.