Dar hadi Francistown kwa Rav4 ya mwaka 2004

Dada yangu anafanya kazi Francistown, Botswana, na kila nikitaka kwenda kumwona ananiambia nipande ndege. Safari hii nikamwambia nakuja na gari. Akacheka mpaka simu ikakatika, kisha akapiga tena kuagiza dagaa wa Kigoma kilo tano.

Ni karibu kilomita 3,000, lami mwanzo mwisho, na Zambia na Botswana wote wanaendesha kushoto kama sisi. Fundi alibadilisha mkanda, bushi na pedi za breki, nikafunga tairi mbili mpya, basi. Kilichonichosha ni karatasi. Kadi ya gari ina jina la kaka, kwa hiyo nilihitaji barua yake ya idhini yenye muhuri wa wakili, hati ya polisi kwamba gari si la wizi, na Yellow Card, ile bima ya COMESA. (Tulijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye bima hii tumo bado.) Zambia inakubalika, Botswana haiko kwenye mpango huo, kule unalipia mpakani. Ongeza cheti cha homa ya manjano, pembetatu mbili za tahadhari na stika za kuakisi mwanga, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Polisi wa Zambia wanaziangalia kweli.

Dereva mwenzangu alikuwa mpwa wangu wa miaka 24. Nilimpa sharti moja: jua likianza kushuka, tunatafuta pa kulala, hata kama mji unaofuata ni hatua mbili tu.

Siku ya kwanza tulilala Iringa. Mikumi tulipita taratibu, tembo wakiwa pembeni. Kitonga tulipanda nyuma ya lori lililotembea kama linasindikiza maiti, mshale wa joto ukipanda nao, nami nimezima AC na kufungua vioo. Mpwa alipigwa tochi kabla ya Mafinga kesho yake, kilomita 62 kwenye kibao cha 50. Elfu 30. Akanyamaza hadi Makambako.

Tunduma ukikaribia unaijua kwa foleni ya malori. Gari dogo linapita pembeni, ila ukisimama tu vishoka wanakuzunguka, kila mmoja anakuita "mzee wangu" na ana mkono kwenye mlango wako. Nikachukua wakala mmoja, tukakubaliana bei kabla hajagusa karatasi. Akashughulikia ushuru wa barabara, kodi ya hewa ukaa na TIP, kile kibali cha kuingiza gari kwa muda. Nikakikunja nikakitia mfukoni bila kukisoma. Kumbuka hapo.

Saa nane mchana tukawa huru upande wa Nakonde, ambako Kiswahili bado kinakufikisha popote. Simu ikajirudisha saa moja nyuma, maana Zambia wako nyuma yetu. Mpwa akafurahi: "Mjomba, tumezawadiwa saa nzima! Mpika tunafika leo." Nami nikakubali, hesabu ilionekana tamu. Jua halikupata taarifa. Kufika saa kumi na mbili kasoro kwa saa ya kule lilikuwa limezama, nasi tuko kati ya Chinsali na Mpika, barabara ina mashimo na kila lori linalokuja limewasha taa kubwa.

Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili, mwendo wa 50, mpwa aliposema kwa sauti ndogo, "Mjomba, majani." Matawi ya miti barabarani. Nilikanyaga breki. Mita chache mbele lilisimama trela bila taa hata moja, rangi yake na ya usiku ni ileile, dereva amelala chini ya tela. Bila yale matawi ningeingia chini yake. Tulifika Mpika saa tatu usiku, magoti hayana nguvu. Mama wa nyumba ya wageni alitupikia nshima, nasi tukafungua mfuko wa dagaa wa dada. Nakiri.

Baada ya hapo sharti lilisimama lenyewe. Tulilala Kapiri Mposhi, mwisho wa reli ya TAZARA, jina nililolisikia tangu utoto kwa wazee waliofanya kazi relini. Kisha Choma, kisha Livingstone, ambako tulilowa kwa manyunyu ya maporomoko ya Mosi-oa-Tunya kama tumeoga na nguo.

Kazungula, mpakani na Botswana, ndipo TIP iliponikumbuka. Afisa alitembeza kidole kwenye chesisi, akarudia, akaniita. Namba moja ilikuwa 3 badala ya 8. Kwenye kompyuta yao gari langu halikuwa limeingia Zambia, kwa hiyo lisingeweza kutoka. Simu ya wakala niliyemlipa haikupokelewa. Saa tatu na nusu tulikaa kwenye benchi, kadi halisi ya gari ikipita dirisha hadi dirisha, mpaka marekebisho yakakubaliwa. Ningekuwa na nakala tu ya kadi, sijui. Siku hizi nasoma chesisi nikiwa bado nimesimama dirishani, tarakimu moja moja, watu wa nyuma wakiguna waache wagune.

Daraja la kuvukia mpaka hapo lina mita 923, lilifunguliwa 2021 kuchukua nafasi ya pantoni, na limepinda ili kuikwepa ardhi ya Zimbabwe. Upande wa Botswana tulikanyaga dawa ya viatu, gari likapita kwenye maji ya dawa, kwa sababu ya ugonjwa wa midomo na kwato. Nyama mbichi tuliyonunua Livingstone ikabaki hapo. Dagaa waliangaliwa, wakaruhusiwa.

Kutoka Kasane hadi Nata, karibu kilomita 300, tembo wanavuka wanapotaka. Tuliondoka jua limeshapanda, tukasimama mara nne.

Siku ya nane tuliingia Francistown saa tisa mchana. Dada alikumbatia mpwa, akanikumbatia mimi, kisha akaunyanyua ule mfuko kwa mkono mmoja.

"Hizi ni kilo tano?"

Mpwa akaenda kutoa mabegi.