Hapa hapa tu

Leo siku ya sita na bado nalisikia. Nalisikia nikimenya ming'oko, nalisikia nikiwa juu ya bodaboda natoka Chuno, hapa Mtwara, kwenda kazini, na Jumapili nililisikia katikati ya mahubiri hata sikumbuki padri alisema nini. Neno lenyewe lina herufi mbili.

Wale wa siku nyingi mnakumbuka nilivyolalamika kuchomekwa kwenye kamati ya mapambo bila kuulizwa. Basi ile hafla imepita. Ijumaa usiku, ukumbi wa kule Shangani, chakula cha hisani cha kuchangia hosteli ya wasichana, na kilele chake tuzo kwa viongozi watatu "waliotukuka katika uraia wa dunia". Maneno ya Naibu Mkuu wa chuo chetu hayo. Alisoma Marekani, na anasema huko vyuo huandaa karamu za namna hii kila mwaka, meza zinauzwa kama viwanja, na anayetunukiwa anakuja na marafiki zake wenye pesa. Kwetu kadi ya mtu mmoja ilikuwa shilingi 100,000, ya wawili 150,000. Mimi niliingia kwa kitambulisho cha kamati na viatu vya kuazima.

Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na sinia la maua, kila mgeni wa meza kuu nimbandike moja kifuani. Akafika mmoja wa watunukiwa, mzee mrefu, suti ya kijivu, mvi zimechanwa vizuri. Simtaji jina. Nikamwamkia huku nahangaika na pini, maana kitambaa cha suti kilikuwa kizito na upepo wa kusi ulikuwa unapiga ule mlango kama unaudai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mwenyeji wa wapi?"

"Wa hapa hapa tu, mzee."

"Aa," akasema. "Hapa hapa tu."

Pini ikaingia. Akaligusa ua lake, akapita ndani.

Basi, ni hivyo tu. (Ona, nimeliandika tena.)

Ile "binti" nimeisamehe. Mwanamke wa miaka 43 akiitwa binti anashukuru. Kinachonichoma ni "tu" ya pili. Ya kwanza, yangu, ilikuwa ya adabu. Ukiulizwa habari za nyumbani unajibu nzuri tu, na hakuna anayedhani habari zako zimepungua. Ukiulizwa unafanya nini siku hizi unajibu nipo tu, hata kama umesimamisha ghorofa. Lakini mtu akikurudishia "tu" yako mkononi, kama karani anavyokurudishia fomu uliyokosea, inakuwa nzito. Au aliuliza? Hapa hapa tu? Nimeijaribu mbele ya kioo kwa sauti zote mbili. Akiwa ameuliza, basi anashangaa kwamba mtu mzima anaweza kuwa wa sehemu moja. Akiwa hakuuliza, basi alishamaliza kunitazama. Mwanangu wa mwisho alinikuta hapo kiooni akauliza naongea na nani.

Na mimi ndiye niliyemchapia wasifu wake! Masjala, ofisi yangu ya mafaili, ndiko kazi kama hizo zinakoishia. Najua kwamba amezaliwa kijijini, bonde la Ruvuma, upande wa Newala. Akasoma, akaondoka, akafanya kazi nchi 4, anaongea Kireno na Kifaransa. Koma zake nilizipanga mimi. Yaani mtu nimemkunjulia maisha yake yote kwenye karatasi moja, yeye ya kwangu kayamaliza kwa maneno matatu, na hata hayo matatu niliyatoa mwenyewe.

Wiki ilikuwa kubwa: matokeo ya kidato cha sita yametoka na kijana wangu kapata daraja la pili, yule bosi wa kalamu nyekundu kahamishwa, na bati la jikoni fundi kalibadilisha hatimaye. Namshukuru Mungu kwa yote. Turudi ukumbini.

Ndani mambo yalikwenda. Emsii alisema "itifaki imezingatiwa" mara tatu. Naibu Mkuu akasimama akasema uraia wa dunia kwetu si jambo la kuletewa, akakumbusha ahadi ya kwanza ya mwana-TANU, "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja", na wazee wa meza za mbele wakaimalizia kwa pamoja kama wako darasani. Akataja Nachingwea, na vijana wa Frelimo waliofundishwa pale vita mpaka Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Makofi. Halafu michango: taslimu kidogo, ahadi nyingi, mifuko ya saruji, na bwana mmoja akaahidi mlango. Mlango mmoja. Emsii akamuuliza wa mbele au wa choo, watu wakavunjika mbavu. Nani atakayepiga simu mwezi Septemba kuzidai ahadi hizo? Masjala.

Tuzo zenyewe zilikuwa vinyago vya ujamaa, vya mpingo, wale watu waliopandana mabegani hadi juu. Nilivichagua mimi na dada wa stoo, na mchongaji alituambia mtindo huo kafundishwa na baba yake, aliyekuja nao kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mzee wangu akakipokea chake kwa mikono miwili, akakigeuza, akakitazama kitako muda mrefu kuliko watu wanavyotazama zawadi mbele za watu. Akashukuru kwa ufupi, akakaa. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na wapishi, nasubiri aseme neno moja la majivuno nipate haki ya kumchukia. Hakulisema, na hilo nalo likaniudhi.

Jana usiku nikampigia mama, Newala. Nilitaka anionee huruma, sina sababu nyingine. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. Mama sijamsikia akicheka kwenye simu tangu arobaini ya baba.

"Neno lenyewe si lako hilo," akasema. "La bibi yako."

"La bibi vipi?"

"Alitufundisha tungali wadogo. Ukiulizwa mwenyeji wa wapi, sema wa hapa hapa tu. Ukiiweka hiyo tu, mtu haulizi la pili."

Nikakaa kitandani. Habari ya bibi kuvuka kutoka Msumbiji mnaijua, nimeshaiandika: babu alitangulia kwenye mashamba ya mkonge, bibi akafuata na watoto wawili mwaka uleule wa Mueda, baada ya askari wa Mreno kuwapiga risasi watu waliokusanyika pale tarehe 16 Juni 1960. Ruvuma ya kiangazi, maji yakiishia kiunoni, mama akiwa mgongoni. Lakini hili la "tu" sikuwahi kulisikia. Mama anasema kijijini waliitwa Wamawia, yaani Wamakonde waliotoka Msumbiji, na shuleni walikuwa wanaimbwa, kwa hiyo kila aliyepita na daftari, awe wa kuhesabu watu, awe wa kugawa mashamba, bibi alikuwa na jibu lake tayari. Namwona kabisa. Chale uso mzima, tundu la ndonya mdomoni, anamtazama karani machoni: wa hapa hapa tu. Na karani, ambaye labda mama yake mwenyewe ana chale zilezile, anaandika alivyoambiwa.

Nikaanza kucheka na mimi. Tulicheka mpaka salio likakata, nikanunua jingine, tukaendelea tulipoishia. Mimi sikufundishwa na mtu. Nimezaliwa Ligula, hapa Mtwara, cheti ninacho, sina wa kumficha kitu. Na bado nimesimama kwenye mlango wa raia wa dunia, jina la babu linaning'inia shingoni kwenye kitambulisho, nikatoa jibu la bibi lilivyo, bila kupunguza herufi.

"Huyo mzee wa bonde gani?" mama akauliza.

Nikamtajia kijiji kama nilivyokichapa kwenye wasifu. Akanyamaza, nikadhani salio tena.

"Kule tulifikia," akasema. "Kule wote walikuwa wanajibu hivyo."

Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Maana ikiwa ni hivyo, lile "Aa, hapa hapa tu" linaweza kuwa kitu kingine kabisa. Linaweza kuwa la mtu aliyesikia sauti ya mama yake ikitoka kwa mwanamke mwenye sinia la maua. Na kile Kireno, mimi nilikichapa nikidhani ni cha kazini. Au hapana. Huenda ni mzee aliyechoka na barabara ya kutoka Dar, akarudia neno la mwisho alilosikia, wazee wengi hufanya hivyo. Sitaki kulikubali lile la kwanza haraka, hasira ya siku 6 nitaipeleka wapi? Namba yake ya simu iko kwenye faili, kabati la pili. Asubuhi nimelitoa, nikaitazama, nikalirudisha. Ningemwambia nini? Shikamoo, mzee, mimi yule wa pini?

Kabla hatujaagana mama aliingiza lile alilokuwa anataka kulisema tangu mwanzo. Mikorosho ya kule mteremkoni imetoa maua vizuri, lakini yameshika ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, meupe kama yamenyunyiziwa ngano. Umande wa mwaka huu mzito. Salfa anayo, mifuko 2. Mashine ya kupulizia iko kwa baba mdogo, na tangu ile habari ya mpaka wa shamba hawasemezani. Kaka yuko Dar, anasema atakuja mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi maua yatakuwa yameshakauka. Kupulizia kunataka alfajiri kabla upepo haujaamka, kwa hiyo mashine lazima ilale kwa mama. Sijui nani aende kwa baba mdogo kuiomba.