Siku yangu moja ya kupima masikio na macho, Jinhua

Saa 11:40 alfajiri

Nikiamka tu nachungulia dirishani, kwa sababu siku ya kipimo cha kusikiliza, mvua inaweza kunivurugia ratiba nzima. Jinhua ipo katikati ya mkoa wa Zhejiang, mashariki mwa China, na kufika katikati ya Juni huku ndiyo majira ya mvua za plamu, mvua ndefu zinazonyesha wakati matunda hayo yanaiva. Zikija kwa nguvu hupiga mabati ya banda la baiskeli pale shuleni mpaka madarasa ya chini hayasikii kitu. Leo ni manyunyu. Tunaendelea.

Kwa wasionifahamu: nilikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari huko Tanga, sasa nasomea shahada ya uzamivu hapa Jinhua. Kikundi chetu kinatunga kipimo cha kusikiliza na kusoma Kiingereza kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari ya juu, vijana wa miaka 16 na 17 wanaozungumza Kimandarini shuleni, na wengine wao Kichina cha kwao wakiwa na babu na bibi. Tunachotafuta ni kimoja: mwanafunzi akikosa swali la kusikiliza, je, Kiingereza hicho hana, au anacho ila kimempita sikioni? Mwalimu anayeletewa alama tupu, 18 kati ya 30, hawezi kujua. Na asipojua, atatumia muhula mzima kumfundisha mtoto maneno ambayo mtoto anayo tayari.

Saa 1:10 asubuhi

Sauti zinasikika tangu getini. Ni kisomo cha asubuhi: karibu wanafunzi hamsini darasa moja, wamesimama, kila mmoja ameinua kitabu usawa wa uso na anasoma kwa sauti kipande chake, bila kufuatana na mwenziwe. Nasimama nyuma ya binti mmoja anayepitia orodha ya maneno. Anataja neno la Kiingereza, anataja maana yake kwa Kichina, anahamia jingine. Akifika kwenye "comfortable" analitamka silabi zote nne, kila moja na uzito wake, safi kabisa.

Neno hilo limo kwenye rekodi yetu ya leo. Mzungumzaji analipitisha kwa silabi tatu, tena ya katikati imezama.

Bidii ya vijana hawa naiheshimu kutoka moyoni. Watakaa shuleni mpaka karibu saa nne usiku, wakijisomea baada ya chakula cha jioni, na mwakani wanaukabili mtihani wa kuingia vyuo vikuu, gaokao. Ndiyo maana naumia ninapoona nguvu zote hizi zinamwagwa kwenye neno moja moja, wakati Kiingereza kinachozungumzwa hakiji neno moja moja.

Saa 2:05 asubuhi

Kukagua spika. Kazi hii haina sifa yoyote, lakini ikilegea, kila kitu kitakachofuata ni bure. Rekodi inapigwa kupitia spika iliyo juu ya ubao, kwa hiyo mwenzangu anaipiga na mimi nakaa kwenye kila kona ya darasa. Kiti cha mwisho karibu na dirisha ndicho kibaya kuliko vyote: feni ya dari iko juu yake, na nje kuna uwanja wa mpira wa kikapu. Tunazima feni, tunafunga madirisha upande wa uwanja, tunaweka alama ya kalamu kwenye kitufe cha sauti ili darasa la pili lisikie kiwango kilekile. Mwalimu wa michezo amekubali kuwapeleka wanafunzi wake upande wa pili kwa kipindi kimoja.

Hata gaokao yenyewe hulindwa hivyo. Siku za mtihani kelele za ujenzi hupigwa marufuku karibu na vituo, na madereva hukatazwa kupiga honi. Watu wa nje hudhani ni mbwembwe. Mimi nimeshawaona watoto wa kiti cha dirishani wakikosa swali ambalo wenzao wote wamepata.

Saa 3:00 asubuhi

Karatasi zimegawiwa, penseli za 2B ziko tayari kupaka visanduku vya majibu. Tumeufuata muundo wanaoujua. Katika karatasi ya taifa ya gaokao, Kiingereza kina alama 150 kwa dakika 120, na kusikiliza kunabeba 30: maswali 20, matano ya mwanzo yakiwa na mazungumzo mafupi yanayosikika mara moja tu, na 15 yanayobaki yakiwa na mazungumzo marefu yanayosikika mara mbili. Kila mwanafunzi wa China anaujua mfano wa kufungulia: bei ya shati ni pauni ngapi, na jibu ni C, pauni 9 na peni 15. Umerudiwa miaka na miaka hadi umekuwa utani wa taifa zima.

Sisi tumeweka mfano mwingine, wakaonekana kushtuka kidogo. Tulifanya makusudi, maana masikio yaliyozoea huanza kusinzia pale kwenye shati.

Kisha naangalia penseli. Hapo unajifunza mambo ambayo jedwali la alama halitakuonyesha. Kwenye swali la namba penseli zote zinasimama. Msemaji anataja "thirty thousand", na wao kwa Kichina huhesabu kwa makumi ya elfu, yaani 30,000 kwao ni makumi-elfu matatu. Wakati bado wanahamisha sifuri kichwani, sentensi yenye jibu imeshapita. Kijana mmoja wa mstari wa pili ameandika 3 pembeni, akaifuta, akaandika 30, akaifuta. Anaijua hesabu hiyo vizuri tu. Muda ndio umemkimbia.

Saa 4:20 asubuhi

Baada ya mapumziko ya kukimbia uwanjani darasa kwa darasa, tunaingia kwenye kusoma. Hapa ndipo ulipo moyo wa utafiti wetu. Tuna madarasa mawili na seti mbili za matini. Darasa la kwanza limesikiliza seti A, sasa linasoma seti B. Darasa la jirani limefanya kinyume: wamesikia B, wanasoma A. Maneno ni yaleyale, maswali yaleyale, tofauti ni mlango yanakoingilia. Kama madarasa yanalingana uwezo, pengo kati ya alama za kusoma na za kusikia kwa matini moja linatuambia ni kiasi gani kilichopotea njiani kati ya spika na ubongo.

Wanasoma kwa kasi. Wengi wanaanza na maswali, ndipo wanarudi kwenye matini kuwinda maneno yaleyale, na kwa sababu tunalijua hilo, chaguo lenye neno lililonakiliwa kutoka kwenye matini mara nyingi ndilo lisilo sahihi. Kinachowakwamisha ni sentensi ndefu. Kichina huweka maelezo yote mbele ya jina: mtu huyo aliyefanya nini na nini hutajwa baada ya matendo yake. Kiingereza, kama Kiswahili, hutaja mtu kwanza kisha kikamfuatishia maelezo. Binti wa asubuhi anaweka mabano kwa penseli kuzunguka kila kishazi, anakiruka, anarudi. Sentensi moja ina mabano matatu. Amefika mwisho, ametikisa kichwa, ameanza upya, na safari ya pili ameipata. Karatasi ilimruhusu arudi.

Saa 6:00 mchana

Wali, biringanya, tofu na supu ya mwani kantini. Wanafunzi wanalala juu ya madawati yao, vichwa kwenye mikono. Kuanzia hapo mpaka kengele ya mchana hakuna anayepandisha sauti, hata walimu.

Saa 8:00 mchana

Mahojiano. Tunawaita wachache, mmoja mmoja, kwa ridhaa yao na ya wazazi, na karatasi zetu zina namba badala ya majina. Mwalimu mwenyeji anakaa pembeni ili mtoto aweze kuingia kwenye Kichina akitaka. Ninampigia kipande cha rekodi na kumwomba aniambie alichosikia, bila kujali jibu.

Kijana wa namba aliyekuwa akifutafuta anakuja wa tatu. Nampigia sentensi ambayo mama anasema "I turned it off". Anasikiliza, anaomba tena. "Laoshi" (mwalimu), "kuna neno hapa sijafundishwa."

"Neno gani?"

"Toff."

Namwandikia maneno yale manne kwenye karatasi. Anayasoma papo hapo, anatafsiri bila kusita, halafu anaitazama spika ndogo mezani kana kwamba imemdhulumu. Hayo ni maneno ya shule ya msingi. Tangu 2001 sera ya China imeelekeza Kiingereza kianze darasa la tatu, kwa hiyo ameishi nayo karibu nusu ya umri wake. Lakini mdomoni mwa mzungumzaji mwisho wa kila neno unarukia mwanzo wa linalofuata, na Kimandarini karibu hakina silabi inayofungwa na konsonanti isipokuwa n na ng. Ile d ya wakati uliopita haina pa kukaa katika sikio lake. Kitenzi cha Kichina nacho hakibadiliki kwa kuwa jambo lilitokea jana, kwa hiyo hata hakuwa akiitafuta.

Mimi Mswahili naielewa shida hiyo bila kuelezwa. Lugha yangu nayo inapenda silabi iishie kwa irabu, na Kiingereza cha haraka kilinipiga chenga hivyohivyo nilipoanza kusikiliza redio.

Namrudishia sentensi mara ya tatu, sasa akiwa anaijua. Anatabasamu: anaisikia yote. Hakuna neno jipya alilojifunza kati ya mara ya kwanza na ya tatu. Mtoto huyu akipewa orodha nyingine ya maneno mia mbili ya kukariri, tutakuwa tumemwonea.

Saa 10:15 jioni

Karatasi zimepitishwa kwenye mashine, namba ziko kwenye kompyuta. Kwa kila swali naangalia vitu viwili. Kwanza, ni sehemu gani ya darasa imelipata. Likipatwa na wote au kukoswa na wote halinisaidii. Pili, je, linawatenganisha wenye uwezo na wasio nao? Kawaida unachukua asilimia 27 ya juu kwa jumla ya alama na asilimia 27 ya chini, unalinganisha makundi hayo. Darasa la wanafunzi 48 linakupa 13 na 13. Walio juu wakilipata na walio chini wakilikosa, swali linafanya kazi.

Leo swali la 14 limepinduka: walio chini wamelipata kuliko walio juu. Nafungua matini. Kipotoshi kimoja, yaani jibu lisilo sahihi lililowekwa kama mtego, hakina tatizo, lakini chaguo B, ukisikiliza kwa makini sana sauti ya yule mama, linatetewa vizuri tu. Wanafunzi bora walisikia hata kusita kwake, wakaadhibiwa kwa kusikia zaidi. Swali hilo linatoka leo hii, bila mjadala.

Saa 12:30 jioni

Kikao na Profesa. Namwonyesha swali la 14, anaguna, kisha anarudi kwenye jambo ambalo hakuna mtu wa mitihani katika mkoa huu anayelisahau. Zhejiang, pamoja na Shanghai, ilichaguliwa mwaka 2014 kuongoza mageuzi ya gaokao, na mojawapo ya mabadiliko ni mwanafunzi kufanya Kiingereza mara mbili na kubaki na alama iliyo bora. Jambo jema, lakini linadai mikupuo miwili iwe na ugumu sawa. Novemba 2018 karatasi ilionekana ngumu kuliko ya mwaka uliotangulia, na alama za baadhi ya maswali zikapandishwa kwa hesabu baada ya mtihani. Wazazi na wanafunzi wakapiga kelele, serikali ya mkoa ikachunguza, na mwezi Desemba uamuzi ule ukatangazwa kuwa kosa kubwa, alama halisi zikarudishwa na wahusika wakaadhibiwa.

Profesa anasema ugumu wa swali haurekebishwi baada ya watoto kulifanya. Nakubaliana naye. Mtihani wa siri kama ule hauwezi kutembezwa mashuleni kwanza. Kipimo chetu kinaweza, na ndiyo sababu siku nzima imeishia kwenye kuangalia spika na penseli.

Saa 2:30 usiku

Nyumbani ni saa tisa na nusu alasiri. Nampigia dada yangu anayefundisha Korogwe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Wachina wako wanasemaje?"

Namsimulia "toff". Anakaa kimya kidogo, kisha anasema Kidato cha Pili wake wana tatizo hilohilo, ila hakuna anayewapima. Ni kweli. Mtihani wetu wa Kidato cha Nne wa Kiingereza hauna sehemu ya kusikiliza, na kisichopimwa mwalimu mwenye wanafunzi sabini hapati muda wa kukifundisha. Anataka rekodi zangu.

Namwambia zilizobaki ni siri mpaka utafiti uishe, lakini maswali yaliyotupwa ninaweza kumtumia, nitaomba ruhusa kesho. Wakati anasubiri, asome mwenyewe mbele ya darasa, kwa kasi ya mazungumzo, mara moja wakiwa hawana maandishi na mara moja wakiwa nayo, na awaulize nini kilibadilika. Hahitaji umeme wala spika.

"Kwa kasi ya mazungumzo," anarudia, akiandika. "Na nikiwa na sabini, walio nyuma watasikia?"

Tunaanza kupanga jinsi ya kuwazungusha: safu za nyuma zije mbele kila baada ya kipande, na yeye asimame katikati ya darasa badala ya ubaoni.