Kupiga picha kipini cha dhahabu kwa kuunganisha fokasi (picha nyingi, kila moja kali mahali pake, zinazofanywa moja): uzoefu wangu

Kipini chenyewe ni cha sonara wa Mji wa Kale, Mombasa, kichwa chake ni kidogo kuliko punje ya hindi. Kutoka ua la mbele hadi ncha ya mguu ni milimita 6. Nilitumia lenzi ya makro ya milimita 100 kwenye kamera ya sensa ya APS-C (ndogo kuliko fremu kamili), kwa ukubwa wa 1:1, yaani taswira kwenye sensa ni sawa na ukubwa halisi wa kitu. Hapo, tundu la lenzi likiwa f/5.6 (namba ikiongezeka tundu linabanwa), sehemu inayoonekana kwa ukali haifiki hata nusu milimita. Ukibana tundu hadi f/22 hupati nafuu: kwa ukubwa huo linafanya kazi kama f/44, mwanga unatawanyika na picha nzima inalainika. Kwa hiyo unabaki f/5.6, unapiga kipande kwa kipande, kisha unaviunganisha.

Hatua kati ya picha na picha niliiweka milimita 0.3, ili kila kipande kipandane na mwenzake kwa karibu theluthi. Milimita 6 zinataka picha 21. Nikaongeza mbili mbele na mbili nyuma. Kwa 1:1 ni bora kusogeza kamera nzima juu ya reli yenye skrubu kuliko kuzungusha pete ya lenzi, maana vidole havipimi milimita 0.3. Anza mbele, nenda upande mmoja tu, usirudi nyuma, kwa sababu skrubu ina ulegevu na hatua zitapishana.

Kila kitu kwenye kamera kipangwe kwa mkono, si otomatiki: ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga), mizani ya rangi, fokasi, muda wa shata. Taa za LED za bei rahisi humeta mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa hezi 50, hivyo shata ya haraka inatoa picha moja nyeupe na nyingine ya giza. Sekunde 1 ilimaliza tatizo hilo, lakini sasa mtikisiko ndio adui. Ghorofa nyingi za Mji wa Kale zimebebwa na boriti za mikoko. Mtu akipita ukumbini stendi inacheza. Piga chini, kwenye sakafu ya saruji, zima feni (joto la Mombasa utalivumilia), na weka shata ichelewe sekunde 2 baada ya kubonyeza. Kipini kilishikwa na plastisini.

Dhahabu inaakisi kila kitu, na kamera ikisogea mng'ao nao unahama. Karatasi nyeupe nyembamba kuzunguka kipini, taa nje yake, inaufanya mng'ao uwe mpana na mtulivu.

Katika Zerene Stacker, programu ya kuunganisha picha hizo, nilitengeneza matokeo mawili kwa njia zake mbili, PMax na DMap. PMax inashughulikia vizuri petali zinazokatizana, ila inaongeza chenga (vidoti vya kelele kwenye picha). DMap inahifadhi rangi na ulaini wa dhahabu, ila inaacha ukungu kando ya petali ya mbele, kwani kwenye picha za nyuma petali hiyo imetanuka na kufunika kilicho nyuma yake. Nilichukua DMap kuwa msingi, kisha kingo nikazipaka kutoka PMax kwa brashi. Ukiona msururu wa vidoadoa vilivyojipanga, hilo ni vumbi la sensa: programu inapozilinganisha picha, doa moja linaacha mkia. Pulizia sensa kabla ya kuanza, na acha nafasi kandokando, maana kingo zitakatwa.

Faili la kuhifadhi ni TIFF ya biti 16, isiyopoteza ubora. JPEG naitoa mwisho kabisa, ya kumtumia sonara kwa WhatsApp.